Sola ya Oloo Isiyopigwa Msumari

Nimemjua Baba Adhis tangu siku za kunyolewa kwa nguvu huku nimeshikwa masikio, na mpaka leo bado ananishangaza. Jina lake ni Oloo. Ni kinyozi hapa Gatwekera, Kibera, katika kibanda cha mabati kinachotazamana na mlango wetu. Binti yake Adhis ni beste yangu, tunakaa dawati moja kidato cha pili. Kwa hivyo mengi ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nimeambiwa na Adhis, ambaye akianza kuhadithia huwezi kumnyamazisha hata kwa mandazi.

Oloo alitoka Ugenya akiwa kijana kuja kutafuta kazi, akaipata ya mjengo, kubeba mawe na kukoroga simiti. Jumamosi wenzake walipokuwa wakioga ili waende matembezi, yeye alikuwa akiwanyoa kwa makasi na wembe chini ya miti ya kushikilia slabu. Ukimuuliza kwa nini aliacha mjengo, atakwambia hivi: "Nyumba ya mtu unaijenga mwaka mzima na ikiisha unafukuzwa kwa geti. Lakini kichwa, omera, ndugu yangu, kichwa unakimaliza leo na mwenyewe anatoka akicheka." Basi akanunua mashine ya mkono, ile unayoibana na kuiachilia kama koleo, akapanga kibanda, akajichorea picha ya biashara ukutani. Picha ni ya mwanamume mwenye nywele zilizochanwa upande mmoja, lakini kichwa kilimtoka kikubwa kuliko mabega. Watu hupita wakimuuliza kama huyo bado anadaiwa au alishalipia kichwa chote.

Jambo lake la ajabu ni kuomba ruhusa. Sijawahi kuona mtu mzima anayeomba ruhusa namna hii. Kabla ya kukunyoa anakuuliza, "Nianze?" hata kama umekaa kwenye kiti umefungwa shuka shingoni. Kuna sababu. Alipokuja Kibera mara ya kwanza, alimwongezea Mama Adhis chumba kidogo cha jikoni nyuma ya nyumba kwa mabati mawili, bila kumwambia mtu. Siku hiyo hiyo watu wa ofisi ya chifu walikuja wakakivuta chini, sufuria ikiwa bado motoni na mvua ikinyesha. Mama Adhis, yaani Mildred, anasema ule ugali uliiva nusu ukabaki hivyo. Tangu hapo Oloo hagusi kitu bila kuuliza kwanza kitu hicho ni cha nani.

Shida ilianza wakati stima ilipomharibia biashara, na stima yenyewe hana. Stima inakuja mpaka mtaa wa Olympic, inasimama pale kama mtu aliyeogopa matope. Huku kwetu haishuki. Sasa pale Olympic kulifunguliwa kinyozi cha mashine ya umeme, na redio kubwa, na vioo viwili vya kujiona mpaka kisogoni. Vijana wote wakahamia huko. Tonny, ambaye anafanya kazi ya mkokoteni na zamani alikuwa hatoki kwenye benchi ya Oloo, alikuwa anakuja kukaa tu, kichwa kikiwa kimeshanyolewa kwingine.

"Buda, usikasirike," Tonny alimwambia siku moja, "lakini hiyo mashine yako hainyoi. Inang'oa. Mtu akitoka hapa ni kama shamba limepaliliwa."

"Shamba lenye magugu mengi lazima lilie," Oloo akajibu.

Benchi nzima ikacheka, na Oloo akacheka nao. Lakini kiti kilikuwa kitupu. Waliobaki ni wazee, na watoto wanaoletwa na mama zao wakivutwa mkono. Nyumbani Mildred, ambaye huuza omena na sukuma pale njiani, alikuwa ameanza kusema kitu ambacho Adhis alinihadithia huku akilia: mwezi ukiisha bila mabadiliko, wafunge kibanda warudi dala, nyumbani Ugenya. Adhis aendelee na shule huko kama itawezekana. Nilijaribu kufikiria dawati letu likiwa na mimi peke yangu. Nikaacha kufikiria.

Pasaka ya mwaka huu wa tisini na sita, Oloo alienda kwao kwa matanga. Huko akaona nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu ina kioo cheusi juu ya paa, na chini yake televisheni inaongea, na hakuna waya hata mmoja unaotoka barabarani. Mwalimu alikuwa na kioo kingine kidogo cha zamani ambacho hakuwa anakitumia. Wakasikizana. Oloo alirudi Nairobi amekipakata kwenye basi usiku kucha, kimefungwa kwa leso ya Mildred kama mtoto mchanga. Kutoka stendi mpaka Gatwekera alikibeba kifuani.

"Oloo amerudi na dirisha!" mtu akapiga kelele.

"Sasa ukuta uko wapi?" Tonny akauliza. "Ama ukuta unakuja na basi ya kesho?"

Ilikuwa sola. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona kwa karibu. Haikuwa kubwa, ukubwa wa mlango wa kabati, na ndani ya kioo kulikuwa na mistari myembamba rangi ya damu ya mzee. Niliuliza maswali mpaka Adhis akanifinya. Inakula jua? Inakula jua. Na likiwa halionekani? Inalala njaa. Jua lenyewe ni la nani, kuna mtu wa kuombwa? Hapo Oloo alinitazama kwa uzito kama nimemuuliza jambo la maana, akasema, "Jua halina mwenyewe, nyathina, mtoto wangu. Paa ndilo lina mwenyewe."

Hapo ndipo wote walipomcheka. Maana aliichukua ile sola akaiweka chini ya kitanda, akasema haipandi juu mpaka apate ruhusa.

Mtu asiyekaa kwetu huenda asielewe. Ardhi hii ni ya serikali. Nyumba zina wenyewe, nao wengi hawakai humu, na sisi ni wapangaji. Mpangaji hawezi kugusa paa bila mwenye nyumba kukubali, na mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata bati moja bila chifu kukubali. Ruhusa yenyewe ni ya mdomo. Bati jipya linang'aa, na ofisi ya chifu iko juu kidogo, kwa hivyo akisimama mlangoni anaona mara moja paa gani limeguswa. Ndiyo maana fundi wetu wa mabati, Muia, anayekaa nyuma ya kibanda cha Oloo, ana ndoo moja ambayo haitoki mkononi mwake. Ndani yake kuna oili chafu ya magari iliyokorogwa na masizi. Ukinunua bati jipya, Muia analipaka kabla hajalipigilia, linakuwa jeusi kuukuu kama ndugu zake, na chifu anapita bila kujua kitu. Muia ni mtu mwema. Hata hadai chochote kwa huo upakaji, anasema ni sehemu ya kazi.

"Baba Adhis," Muia alimwambia Oloo, "weka hiyo kitu tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Oloo. "Na jikoni ya Mama Adhis inajua."

Likizo ilikuwa imeanza. Shangazi yake Adhis anakaa Kawangware, kwa hivyo Oloo alipoenda kumwona mwenye nyumba wake huko, tulimfuata, yeye mbele na shati lake la kanisani, sisi nyuma tukichekana viatu. Mwenye nyumba anaitwa Ng'ang'a. Ana duka la hardware pale Kawangware, kituo cha 46, na vitu vilivyojaa mlangoni ni misumari, misumari ya kila saizi, ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Kofia yake haitoki kichwani.

"Oloo!" akasema. "Leo umetembea. Paa inavuja?"

"Haivuji, mzee. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya nini? Ya kuoa wa pili?"

"Ya kuweka sola juu ya kibanda."

Ng'ang'a akaacha kupima misumari. Alitaka aelezwe mara mbili. Kisha akasema, "Sikiza. Ukitoboa bati yangu, mvua ikija itauliza nani, wewe ama mimi? Na kawaida yetu unaijua. Kitu kikishapigwa msumari kwa nyumba, kimekuwa cha nyumba. Siku ukihama usije ukaniletea hadithi ati unang'oa."

Ni kweli, hiyo ndiyo kawaida. Mama mmoja wa hapa kwetu aliwahi kuacha rafu zake nzuri za mbao ukutani kwa sababu ya misumari minne.

Oloo alitazama ile mikebe ya misumari. Nikafikiri amekwama. Akasema, "Na isipopigwa msumari?"

"Isipopigwa msumari itashikwa na nini, na maombi?"

"Nitaifunga. Sitatoboa, sitapigilia. Siku ukisema toa, naitoa unaona."

Mwenye duka la misumari alicheka mpaka kofia ikamkaa kando. "Basi funga, mimi sina neno. Lakini chifu aseme na mdomo wake. Mimi nilipewa ruhusa ya mabati, sikupewa ya vioo."

Kesho yake Oloo akapanga foleni kwa chifu. Huko sikuwepo, lakini aliporudi alituhadithia benchi nzima. Chifu alimsikiliza vizuri. Akamwambia sheria anazozijua zinataja ukuta, paa, mawe na choo, lakini sola hazijaitaja, kwa hivyo yeye hawezi kusema kama hicho kitu ni jengo au ni kama redio. Alitaka kukiona kikifanya kazi. Akasema, "Ifunge hapo juu. Alhamisi nikimaliza baraza nitapita, na mwenye nyumba awe hapo. Nikiona ni chombo cha kazi, kaa nacho. Nikiona ni jengo, linashuka. Lakini Oloo, nikikuta umenificha kitu chochote, hicho kibanda chenyewe nakifunga."

"Wacha!" Tonny akasema. "Sasa ulienda kujitafutia kifo kwa mguu wako mwenyewe."

Oloo alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwa fundi wa baiskeli akaomba blada kuukuu, ile mipira ya ndani ya gurudumu, akazikata vipande virefu vyembamba. Akapanda juu kwa ngazi ya kuazima. Kwanza alipanga slipa zilizokatika, vipande vya sendo za plastiki, chini ya kila kona ili kioo kisikwaruze bati la watu. Kisha akaivuta mipira kutoka pembe za sola mpaka kwenye mbao zinazojitokeza chini ya paa, akaifunga kwa fundo la kuvutwa. Aliitikisa. Haikusonga. Waya aliuteremsha kupitia mwanya uliokuwepo tangu zamani kati ya paa na ukuta. Sijui kama nimewahi kuona kazi iliyopendeza hivyo, na yote ilikuwa ya takataka.

Jumatano jioni akaunganisha na betri ya gari, kuukuu, aliyoipata gereji. Mashine ya kunyolea ilikuwa ya kutumia betri, amenunua mtumba. Alipobonyeza, ikalia. Zzzzz! Tulipiga makofi. Kila mtu akataka kuisikia tena, halafu mtu akaleta redio, halafu Adhis akataka taa, na Oloo kwa furaha yake hakumkataza mtu. Tuliichosha ile betri kabisa. "Hakuna shida," akasema, "kesho jua litaijaza kabla chifu hajafika."

Alhamisi jua lilitoka kali, hakuna wingu. Oloo alikuwa ameshaondoka kwenda Kawangware kumleta Ng'ang'a. Mildred alikuwa ameenda kuchukua omena, na mimi na Adhis tulikuwa kwenye laini ya maji, ambayo siku hiyo ilikuwa ndefu kama kawaida.

Hapo ndipo Muia alirudi. Kwa siku kadhaa alikuwa na kazi Riruta Satellite na alikuwa analala huko huko kwenye mjengo, kwa hivyo hakusikia habari ya chifu wala ya Ng'ang'a. Alichoona yeye akiteremka kutoka juu ni paa la jirani yake linametameta upande wa ofisi, siku ya baraza. Akafikiri Oloo amechoka kungoja, ameweka tu. Akamhurumia. Akachukua ngazi na ile ndoo yake, akapanda, akaipaka sola nzima kutoka pembe hadi pembe, vizuri, hata kwenye kingo, mpaka ikafanana na bati. Kisha akaenda kulala kwa amani kama mtu aliyetenda wema.

Kutoka chini huwezi kuona kilichoko juu ya paa la kibanda. Hatukujua kitu.

Chifu alifika baada ya baraza na askari wake wawili. Watu walimfuata nyuma, wengine wakijifanya wanapita. Ng'ang'a alikuwepo tayari, amekunywa chai ya Mildred na amesifu mandazi. Oloo, shati la kanisani tena, akasema, "Chifu, badala ya maneno nataka uone. Mzee Ng'ang'a, kaa hapa kwa kiti."

"Mimi?"

"Nyumba ni yako. Kichwa cha kwanza kiwe chako."

Ng'ang'a akavua kofia. Wengi tulikuwa tunaona nywele zake mara ya kwanza, na zilikuwa nyingi, nyeupe. Oloo akamfunga shuka, akauliza, "Nianze?" na Ng'ang'a akasema, "Anza, lakini usinipalilie. Nimesikia."

Mashine ikalia. Ikapanda kutoka kipaji cha uso mpaka utosini, ikaacha njia safi katikati. Watu wakasema, "Eeeh!" Ikarudi mara ya pili kando ya ile ya kwanza. Halafu sauti ikaanza kushuka. Zzzz ikawa nguuu. Nguuu ikawa kimya.

Ng'ang'a akabaki na barabara kichwani.

"Wamemtengenezea lami!" Tonny akanong'ona kwa sauti ambayo hata askari walisikia, na mmoja wao akageuka upande akikohoa. Chifu hakucheka. Alitazama mashine, akatazama betri, akatazama juu kwenye jua lililokuwa linawaka vile.

"Ni hii tu?" akauliza.

Nilimwona Mildred akishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Adhis alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Oloo aliweka mashine chini. "Chifu, naomba nipande juu nione."

"Panda."

Alipanda. Tukasikia hatua zake, bati likilia kwa uzito wake, halafu kukawa kimya. Nami nitasema ukweli, kama ningekuwa mimi huko juu, hakuna aliyekuwa ananiona. Ningevua shati nipanguse haraka haraka, nishuke niseme ni vumbi. Mtu yeyote wa Gatwekera angefanya hivyo.

"Kuna nini huko?" chifu akaita.

"Nashuka nayo," Oloo akajibu.

Alivuta mafundo ya ile mipira, moja upande huu, jingine upande ule, na sola ikawa mikononi mwake kabla sijapata kumeza mate. Akashuka ngazi akiwa ameikumbatia kama alivyoikumbatia kutoka Ugenya. Shati la kanisani lilikuwa limeingia oili kutoka kola mpaka mshipi. Akaiweka juu ya benchi, ikimwangalia chifu. Ilikuwa nyeusi tii.

"Hii ni nini?"

"Ni sola, chifu. Imepakwa oili na masizi."

"Kwa nini?"

Sote tulitazama chini. Hakuna mtu pale asiyejua kwa nini. Hata kuku walijua.

"Ili usiione," Oloo akasema.

Chifu akasogea karibu na benchi.

"Nani aliipaka?"

"Kifaa ni changu, chifu. Kosa uniulize mimi."

"Nimeuliza nani aliipaka."

Nyuma ya watu kukawa na msukumano. Muia alikuwa ameamshwa na kelele, na alikuja amevaa suruali iliyokunjwa, mikono yake nyeusi mpaka kwenye viwiko. Hata kama angetaka kukana, mikono ingemshtaki.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoka kazi asubuhi nikaona inang'aa. Nikasema huyu ameweka bila kuomba, na leo ni baraza, na ana watoto. Nikamsaidia."

"Ukamsaidia kunidanganya."

"Ndiyo, chifu," akasema Muia kwa unyenyekevu wote. "Huku ndiyo tunasaidiana hivyo."

Mtu akacheka puani, akajizuia. Chifu aligeuka polepole, akainua macho. Kutoka pale unaona mapaa mengi yanayopanda mteremko, na yote yalikuwa meusi, meusi namna moja, kama yamezaliwa siku moja. Aliyatazama kwa muda. Ng'ang'a akajikuna ile barabara kichwani na kutazama viatu vyake.

"Oloo," chifu akasema, "nilikwambia nini juu ya kunificha?"

"Ulisema utafunga kibanda."

"Ungeipangusa huko huko juu. Mimi ningejuaje?"

"Leo usingejua," akasema Oloo. "Lakini kila ukipita hapa mimi ningekuwa naangalia uso wako. Mkono ukitetemeka, chifu, siwezi kushika wembe."

Aliyejibu ni Ng'ang'a, na hakuwa anajibu hilo. Alikuwa ameinuka na shuka lake shingoni, amekumbuka mali yake, na anapanda ngazi. Mzee mzima, nusu kanyolewa, shuka likipepea nyuma kama la malaika wa mchezo wa Krismasi. Alitambaa huko juu akipapasa bati lake kwa viganja.

"Hakuna tundu!" akapiga kelele. "Chifu! Hakuna tundu hata la sindano! Ameweka slipa chini, huyu mtu. Slipa!"

Akatoa kichwa ukingoni mwa paa akiwa na slipa iliyokatika mkononi, akaipunga tuione.

Chifu akainama, akaiinua ile sola mwenyewe. Oili ikamshika vidole, hakujali. Aliipima uzito, akaiweka kwapani, akapiga hatua kuelekea njiani, akarudi, kama mtu anayebeba redio.

"Miaka yangu yote kwa hii kazi," akasema, "sijaona jengo ambalo mwenyewe analishusha na kulileta mbele yangu. Hiki ni chombo." Watu wakaanza kelele, akainua mkono. "Sijamaliza. Itafungwa, haitapigwa msumari, na siku mwenye nyumba akikataa, inashuka. Mmesikia nyote, na wewe Ng'ang'a huko juu umesikia."

"Nimesikia!"

"Na isipakwe kitu. Nikisimama pale mlangoni kwangu asubuhi nataka kuiona iking'aa. Siku sitaiona, nitakuja kuuliza." Akamgeukia Muia. "Wewe utaiosha."

Muia aliiosha kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, amepiga magoti mbele ya Mildred aliyesimama juu yake na mikono kiunoni. "Hapo kwa kona bado. Muia! Nimesema kona, si katikati. Ulipoipaka kona uliiona vizuri, sivyo?" Oloo hakumwambia Muia neno baya. Alichukua kitambaa cha pili, akapiga magoti upande wa pili, wakasugua pamoja. Chifu alipita katikati ya watu akaenda, akijipangusa vidole kwa gazeti.

Kikabaki kichwa cha Ng'ang'a. Betri ilihitaji jua, na duka lake Kawangware lilikuwa limefungwa likimngoja.

"Mzee, nikumalizie na ile ya mkono?" Oloo akauliza.

"Ile ya kung'oa?" Ng'ang'a akakataa kwa kichwa, na barabara yake ikakataa pamoja naye. "Afadhali ningoje jua."

Oloo akairudisha sola juu, na Ng'ang'a akangoja. Alikaa kwenye benchi kati ya Tonny na mzee mmoja, kofia magotini, akila omena ya Mildred na kueleza kila aliyepita kwamba paa ni lake na halina tundu. Vijana hawakuondoka. Walikuwa wanataka kuona kama ni kweli. Jua lilipovuka upande wa pili wa njia, Oloo akabonyeza mashine, ikalia, na safari hii haikushuka sauti. Alimnyoa Ng'ang'a polepole, kichwa chote, akampangusa kwa brashi, akamshikia kioo. Ng'ang'a alijitazama kisogo na mashavu, akasema hajawahi kuwa kijana hivyo tangu uhuru.

Kabla hajainuka vizuri Tonny alikuwa ameshaingia kwenye kiti.

"Si wewe ni wa Olympic?" Oloo akamuuliza.

"Buda, Olympic ni mbali. Anza tu."

Nyuma ya Tonny kulikuwa na wengine wamesimama, wakibishana nani alifika kwanza. Oloo alimtazama Mildred aliyekuwa anaokota vikombe vya chai. "Mama Adhis," akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa mlangoni nikasikia, "mwezi ukiisha tunaenda dala?"

"Kufanya nini?" akasema Mildred. "Nani atabaki hapa kupangusa hiyo kioo? Muia?"